Haki ya Kukosea

Mwaka 1961 Nairobi ilikuwa ingali imegawanywa kwa rangi, Wazungu, Wahindi na Waafrika kila kundi na mitaa yake. Mwaka huohuo Chuo cha Strathmore kilianza katika mtaa wa Lavington, kikipokea vijana wa kila rangi na kila dini. Kufungua mlango kwa namna hiyo kabla ya uhuru lilikuwa jambo zito. Hata hivyo, kupokelewa chuoni ni hatua ya kwanza tu. Mwanafunzi anaweza kuwa na namba ya usajili na risiti ya karo, na bado akaishi hapo kama mgeni. Nadhani kinachomtenga mgeni na mwenyeji ni jinsi kosa lake linavyopokelewa. Mwenyeji akikosea, amekosea siku hiyo. Mgeni akikosea, kosa hugeuka ushahidi kwamba hakustahili kuja.

Ndiyo maana kijana wa Kawangware aliyejiunga na chuo cha ufundi husimama nyuma ya wenzake karakanani, macho kwenye swichi iliyofunguliwa, asiulize waya upi unaingia wapi. Swali analo, anachohofia ni jinsi litakavyomtangaza. Watafiti Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu hofu hiyo. Katika chuo kikuu kimoja Marekani, wanafunzi Weusi walielezwa, kwa muda wa saa moja hivi, kwamba wasiwasi wa mwanzo huwapata wengi na hupungua. Alama zao zilipanda katika miaka mitatu iliyofuata, bila somo la ziada.

Atakayepinga atasema fundi umeme hana ruhusa ya kukosea, maana kosa lake huchoma nyumba. Ni kweli, na kwa sababu hiyohiyo kosa hilo lapaswa kutokea karakanani, mbele ya mwalimu, kabla halijafika nyumbani kwa mtu. Mwingine atasema basi tatizo limo kichwani mwa mwanafunzi, apewe ushauri nasaha yaishe. Lakini maneno ya faraja hushika pale tu maisha ya chuo yanapoyathibitisha. Anayesomewa deni la karo mbele ya darasa zima, au kuchekwa kwa lafudhi yake, ana sababu ya kutoyaamini. Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa chuo: mtihani ubaki mgumu kwa wote, na haki ya kuuliza na kukosea wakati wa kujifunza iwe ya wote vilevile.