Msifunge Komenti

Ndugu zangu maafisa habari na uhusiano wa Morogoro, ninyi mlioko halmashauri, mamlaka za maji, hospitali, vyuo, reli na umeme, nina neno nanyi. Nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu kazi yenu inaweza kuokoa maisha ya watu, na sidhani kama mmeambiwa hivyo vya kutosha.

Fungueni leo kurasa za taasisi zetu za umma. Mtakutana na barua iliyopigwa picha, imekaa upande, muhuri umefunika tarehe, herufi ndogo kiasi cha kumtoa mtu machozi. Juu imeandikwa TAARIFA KWA UMMA. Chini, komenti zimefungwa. Mama wa Nyandira anayetaka kushusha kabichi na karoti usiku ziwahi soko la Dar es Salaam, na mvua imenyesha Mgeta tangu mchana, anataka kujua jambo moja tu: barabara inapitika? Yeye ana kitochi, barua ile hataiona. Mwanawe mwenye simu janja ataiona, lakini akitaka kuuliza, hana pa kuulizia. Huo mnauita uhusiano na umma? Umma uko wapi hapo?

Milima hii ya Uluguru iliwahi kulipa gharama ya ofisi inayosema bila kusikia. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Maofisa walihutubia, amri zikatolewa, waliokaidi wakaadhibiwa. Mkulima aliyelijua shamba lake alikuwa na hoja ya kweli: ukiukata mteremko ule kwa jembe, unaufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usio na kitu. Hakusikilizwa. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo, vurugu zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Yaliyoweza kuelezwa barazani yalielezwa kwa mawe na bunduki!

Afisa wa mwaka 1955 angeweza kujitetea kwamba kupanda Matombo ni safari. Wewe utajitetea kwa lipi? Swali linatoka Kinole na kufika mezani kwako kabla hujamaliza chai. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa hadi siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Usijifiche nyuma ya siku hizo. Uvumi haukupi hata nusu saa.

Mnakumbuka Msamvu, hapa hapa Morogoro. Jumamosi ile, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka asubuhi, watu wakakimbilia na madumu, na wapo waliosimama wakirekodi wenzao wakichota petroli. Kisha moto. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitalini siku zilizofuata, walipita 100. Simu zilikuwepo pale kwa wingi. Lililokosekana ni onyo lililokwisha kuingia vichwani mwa watu kabla ya siku ile, na onyo la namna hiyo ni kazi ya uhusiano kwa umma kuliko picha zote za viongozi wakikata utepe. Malori ya mafuta bado yanapita Msamvu usiku na mchana. Ni nani kati yenu, mwaka huu, ametuma sauti ya dakika moja kwenye magrupu ya mitaa kuwaambia vijana wasisogelee lori lililoanguka?

Hapa nawageukia na ninyi wasomaji, maana hatia ya siku ile haikuishia ofisini. Tulisambaza picha za miili iliyoungua. Tuliwarushia watu ambao walikuwa bado wanazunguka kutafuta ndugu zao. Mwislamu anajua Sura ya Hujurat inaamuru nini kuhusu habari isiyohakikiwa, na Mkristo anajua Yakobo aliandika nini kuhusu ulimi. Kidole gumba sasa ndicho ulimi wetu. Kizuieni, jamani! Kizuieni!

Nanyi maafisa, msidhani ukweli peke yake unatosha ukisemwa siku ya shida tu. Julai 2024 treni ya umeme ilipopata hitilafu njiani, Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilitoa taarifa likawataja ngedere na bundi kuwa chanzo. Mnyama akigusa nyaya, umeme huweza kukatika, si jambo la ajabu. Lakini mitandao iliangua kicheko. Naipongeza TRC kwa kusema. Ila kuaminiwa kunajengwa siku za kawaida, kwa kujibu abiria aliyepoteza begi, kwa kueleza kwa nini treni imechelewa, kwa kukiri kosa dogo lisilo na kamera. Na haja hiyo inazidi sasa, ambapo kijana mwenye bando la siku moja anaweza kutumia akili mnemba kutengeneza barua yenye nembo yenu na sauti ya mkurugenzi wenu. Watu watajuaje ya kwenu ni ipi, kama hawajawahi kuzungumza nanyi?

Semeni kwa Kiswahili cha sokoni. Tumeni ujumbe mfupi kwa wenye kitochi, pitieni redio, waombeni masheikh na mapadri watangaze, mpigieni mtendaji wa kijiji kule ambako mtandao haushiki mpaka mtu apande kilima. Msipojua, semeni hamjajua na mtarudi saa 10 jioni, kisha saa 10 ikifika rudini hata mikono mitupu. Wakuu wa taasisi, mwondoleeni afisa wenu mzigo wa kungoja saini tatu ili ajibu swali la maji kukatika Kihonda. Kama mnaogopa matusi, yafuteni matusi; malalamiko yaacheni, maana ndiyo taarifa mnayoitafuta.

Kesho asubuhi, kabla hamjatoa taarifa nyingine yoyote, fungueni komenti. Someni zote. Anzeni kujibu ile inayowauma zaidi.