Rudisha Upinde

Somo: Luka 19:1-10



Wiki hii tutafakari toba ya Zakayo, tukisaidiwa na tamthilia ya kale ya Ugiriki. Mwaka 409 kabla ya Kristo, mji wa Athene ukiwa katika vita virefu na Sparta, Sophocles, mzee aliyekuwa anakaribia miaka tisini, aliwaonyesha watu wake tamthilia iitwayo *Philoctetes*. Ilipata tuzo ya kwanza.

Philoctetes alikuwa askari mwenye upinde wa ajabu alioachiwa na Heracles. Akiwa safarini na wenzake kwenda kupigana na Troy, nyoka alimuuma mguuni. Kidonda kikaoza, kikanuka, na vilio vyake vikawafanya wenzake washindwe kutoa dhabihu zao kwa utulivu. Basi wakamwacha katika kisiwa cha Lemnos akiwa usingizini, wakatweka matanga. Hapo tusipite haraka. Mgonjwa alitupwa ili ibada isisumbuliwe. Kila usharika na ujiulize ni nani ambaye kilio chake tumekichoka.

Mwaka wa kumi wakamkumbuka, kwa kuwa nabii alitangaza kwamba Troy haitaanguka bila yeye na upinde wake. Akatumwa Odysseus, mtu wa hila, pamoja na kijana Neoptolemus, mwana wa shujaa Achilles. Kijana alipochungulia pangoni aliona malalo ya majani, kikombe cha mti kilichochongwa na mtu asiye fundi, vifaa vya kuwashia moto, na matambara yaliyojaa usaha yameanikwa juani. Kabla hajamwona mwenye pango, alikwisha kuyaona maisha yake.

Odysseus akamwagiza amdanganye mgonjwa na kumpokonya upinde. Kijana alikataa, kwake ilikuwa heri kushindwa kwa haki kuliko kushinda kwa ubaya. Lakini Odysseus alijua pa kumshika. Alimwomba aiweke aibu kando kwa sehemu ndogo tu ya siku moja, kisha maisha yake yote yaliyobaki aitwe mcha Mungu kuliko wote. Ndivyo majaribu yanavyotujia hata leo. Ni mara chache tunaombwa tuwe watu wabaya moja kwa moja. Tunaombwa leo tu, kwa sababu nzuri, kwa faida ya wengi.

Kijana akakubali. Akabuni hadithi kwamba naye amedhulumiwa na wakubwa wa jeshi. Philoctetes akamwamini, akamsihi amchukue nyumbani, amweke popote katika chombo, hata chini kabisa, mahali ambapo harufu yake haitawaudhi wengine. Maumivu yalipomzidi, yeye mwenyewe akamkabidhi kijana upinde amtunzie, kisha akalala.

Mgonjwa alipoamka, Neoptolemus hakuweza kuendelea. Alimhurumia, akaona haya, akamweleza ukweli wote. Pamoja na hayo, upinde ulibaki mkononi mwake, naye akaondoka nao. Ndugu zangu, wengi wetu tumesimama hapo miaka mingi. Tunasikitika kweli, pengine hata tumekiri, lakini kile tulichokichukua bado tunacho. Philoctetes alikula ndege aliowapiga kwa upinde ule. Machozi ya kijana yasingemlisha hata siku moja.

Ndipo Neoptolemus akageuka. Odysseus akamfuata akimuuliza anakwenda wapi, akamtishia kwa upanga na kwa ghadhabu ya jeshi zima. Kijana akasema anakwenda kuondoa kosa lake. Akarudi pangoni, akaweka upinde mikononi mwa mwenyewe, bila sharti. Philoctetes alipotaka kumpiga Odysseus mshale, kijana huyohuyo akamzuia mkono. Hatimaye akakubali kumpeleka nyumbani, ingawa kwa kufanya hivyo alikuwa anaupoteza ushindi wa Troy na sifa yake. Baadaye Heracles alitokea, akawaelekeza waende Troy, ambako Philoctetes angepona. Lakini kijana alipokuwa anarudisha upinde hakujua kwamba msaada huo utakuja.

Zakayo naye alisimama mbele ya Bwana akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Lakini kuna tofauti kubwa. Kijana wa Sophocles alirudi pangoni akisukumwa na dhamiri yake tu. Zakayo alitembelewa kwanza. Yesu aliingia nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti moja, na neema hiyo ndiyo iliyoifungua mikono yake. Zaidi ya miaka 400 baada ya tamthilia ile, Mtume Paulo alisimama huko huko Athene, katika Areopago, akawaambia watu wa mji kwamba Mungu anawaita wote watubu. Aliwahubiria Mungu asiye mbali na yeyote kati yetu.

Huwa tunajitetea kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kweli, miaka kumi ya Lemnos haikurudi. Upinde ulirudi. Yapo tusiyoweza kuyarekebisha, na hayo tumwachie Mungu. Tuanze na yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kama umemzuilia kibarua ujira wake, mlipe wiki hii. Kama mpaka wa shamba ulisogezwa, nenda na wazee mkaurudishe. Kama mali ya marehemu iko kwako na mjane wake anahangaika, mpelekee. Kama ulimchafulia mtu jina mbele ya kikundi, lisafishe mbele ya kikundi hichohicho. Wala usimdai akusamehe papo hapo. Philoctetes alirudishiwa upinde na bado alikuwa na uchungu. Ilikuwa haki yake kupewa muda.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani mwa Zakayo, ingia na kwetu. Tuonyeshe tulichonacho kisicho chetu. Tupe ujasiri wa kukirudisha, hata kama tutapoteza sifa na wenzetu watatukasirikia. Wafariji walioachwa peke yao kwa sababu ya ugonjwa, na utufanye sisi kuwa watu wa kuwaendea. Amina.