Kinyama Kiko Maabara, Dua Iombe Nini?

Mzee wa Pemba au wa kijiji fulani Kanda ya Ziwa akiona damu kwenye mkojo wake, huenda asishtuke sana. Aliwahi kuiona utotoni. Kichocho cha mkojo, ambacho vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kimezoeleka kiasi kwamba katika baadhi ya jamii za Afrika mvulana kukojoa damu kulihesabiwa dalili ya kukua. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimgundua mnyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Tangu 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linamhesabu mnyoo huyo miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani ya kibofu. Sigara nayo imo.

Damu ya saratani hii ina hila. Mara nyingi haiumi, na hukoma yenyewe kwa wiki au hata miezi, kisha ikarudi. Hapo katikati ndipo kila dawa inapojipatia sifa. Aliyekunywa mizizi akaona mkojo umetakata ana ushuhuda wa kutoa. Aliyeombewa naye anao. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, wanywe kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, na saratani ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa. Kuwacheka ni rahisi na hakumsaidii mtu. Swali gumu ni hili: nani ana idhini ya kutangaza kwamba Mungu amejibu? Anayeshangilia uponyaji kabla kamera haijapitishwa kwenye njia ya mkojo na kibofu kuchunguliwa, anamsingizia Mungu neno ambalo pengine hajalisema. Kwa mtazamo huo, kumtafuta bingwa wa mfumo wa mkojo ni sehemu ya uchaji. Tena huenda bingwa akakuta mawe, au tezi dume iliyovimba, au kichocho kilekile.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kupungukiwa na tawakali. Mjadala huo ni wa zamani. Khalifa Umar, akiwa njiani kwenda Sham, alisikia tauni imeingia huko, akaugeuza msafara. Abu Ubayda, jemadari wake wa huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari moja kuiendea nyingine. Wasomaji wa Biblia wanaye Mfalme Hezekia: aliomba akilia, akaahidiwa miaka 15 zaidi, na bado nabii Isaya akaagiza tini zibandikwe juu ya jipu lake.

Mambo huwa magumu zaidi baada ya kipimo. Kinyama kimekatwa, kimetiwa kwenye formalini, kimepelekwa maabara ya patholojia, na familia imeambiwa irudi baadaye kufuata majibu. Usiku wanaomba: isiwe saratani. Lakini kilichomo chupani kimeshakuwa kilivyo. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa mwaka 200 hivi, inalikabili jambo hili bila huruma. Mtu anayerejea safarini, akasikia kilio mjini na kuomba kisiwe kinatoka nyumbani kwake, ameomba dua ya bure, kwa kuwa lililotokea limeshatokea.

Hukumu hiyo ni kavu mno kwa watu waliokaa kwenye benchi la hospitali. Anayeamini kwamba Mungu hafungwi na wakati anaweza kujibu kuwa dua ya usiku huu ilijulikana kwake kabla uvimbe haujaanza kuota, na jibu hilo lina uzito. Hata hivyo Mishna inawafaa kwa jambo moja: inawalazimisha kutenganisha lililokwisha kuamuliwa na lililo wazi bado.

Na yaliyo wazi ni mengi. Nani atakisoma kinyama hicho, na je, kilikatwa hadi kwenye misuli ya kibofu? Kisipokuwa na misuli, ni vigumu kujua saratani imezama kiasi gani, na matibabu yanategemea hilo. Kwa aina ya saratani ya kibofu iliyo ya kawaida zaidi duniani, uvimbe ambao haujafika kwenye misuli unaweza kukwanguliwa, kisha kibofu kikatiwa dawa, mara nyingine BCG, ileile inayotumika kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu. Ukishazama kwenye misuli, mazungumzo yanageukia kukiondoa kibofu chote, au mionzi pamoja na dawa za saratani. Kwa hiyo rufaa ya kwenda Muhimbili, au KCMC kule Moshi, haihitaji kungoja hadi moyo utulie. Na ndugu aliyeshika faili anaweza kuuliza swali moja fupi siku ya majibu: "Dokta, misuli imeonekana kwenye kipimo?" Ikiwa haikuonekana, kwa kawaida mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji ndani ya wiki chache, na hapo familia inakuwa na jambo la kuombea ambalo bado halijatokea.