Nyumba Hii Haiuzwi

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Kimara, hutakosa ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hushangaa. Nyumba isiyouzwa ya nini kuitangaza? Mwenyeji haulizi. Anajua kuna nyumba zilizouzwa na watu wasio wenyewe, na mwenye nyumba akawa wa mwisho kupata habari.

Maandishi hayo yako pia kwenye ukuta wa baba yangu mdogo, kule Segerea. Ila chini yake, ukisogea karibu, utaona rangi ya zamani iliyofutwa ikafifia bila kutoka: NYUMBA INAUZWA. ONANA NA MWENYEWE. DALALI HAPANA. Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, maana anataka kimfae mwingine.

Baba mdogo alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipostaafu alitaka kurudi kwao Muheza, ambako mama mdogo alikuwa ametangulia kumuuguza mama yake na kuangalia michungwa. Nyumba ya Segerea waliipangia shilingi milioni 120. Dalali wa mtaani, kijana aliyemwona akikua, akataka asilimia 5. Baba mdogo akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akaipata milioni 6.

"Milioni sita kwa kumleta mtu mpaka getini?" akaniuliza. "Hizo ni bati za nyumba nzima Muheza."

Nami nikamuunga mkono. Siku hiyo sikujua ninachokiunga, na mpaka leo inaniuma.

Wiki ya tatu akaja mnunuzi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi. Alivua viatu mlangoni, akaamkia "Shikamoo, baba", na tangu siku hiyo hakumwita jina jingine. Bei hakuivuta sana. Alitoa kianzio cha milioni 5 taslimu, wakaandikishana kwenye karatasi mbili zilizochanwa katikati ya daftari. Hapakuwa na shahidi. Mjumbe hakuitwa, kwa kuwa baba mdogo alihofia naye angetaka chake. Mama mdogo aliambiwa kwa simu tu kwamba mteja amepatikana.

Salio, alisema kijana, litatoka kwenye mkopo wa benki, na benki inataka kuona hati. Ikataka na nakala ya kitambulisho cha taifa na picha mbili za pasipoti. Baba mdogo akatoa vyote, hati halisi ikiwemo, "kwa siku mbili tu". Siku mbili zikawa wiki, na kila akiuliza akajibiwa kwa upole kwamba benki haina haraka.

Jumamosi moja kijana akaomba awalete wakwe zake waione nyumba. Kabla hawajaingia akamvuta baba mdogo pembeni. "Baba, hawa ndio wanaonichangia. Bei niliyowatajia mimi ni tofauti kidogo. Nakuomba habari ya pesa tusiiguse mbele yao, nisije nikaaibika." Ombi la kumsitiri mtu, nani kati yetu hulikataa?

Wakaingia mume, mke na mama mtu mzima. Baba mdogo akawaagizia soda, akawatembeza chumba hadi chumba, akafungua bomba la jikoni waone maji yanavyotoka kwa nguvu. Wakati wa kuaga, yule mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole sana, baba. Utazoea." Baba mdogo alidhani anapewa pole ya kuhama.

Wiki tatu baadaye, saa moja asubuhi, pikapu ikasimama getini. Juu yake kulikuwa na magodoro, majiko na kabati. Mume na mke wale wale walishuka, wakashangaa kumkuta bado yupo. Walikuwa wameshalipa milioni 70. Mkataba wao ulikuwa na jina lake, picha yake, namba ya hati yake na saini isiyokuwa yake. Wao waliambiwa kwamba kijana ni mtoto wake wa kumzaa, kwamba mzee ana presha na kuuza nyumba kunamuuma, basi wasimtajie pesa. Ndiyo maana walipewa soda na yeye akapewa pole.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wasimame. Muuzaji na wanunuzi walikaa sebule moja, wakanywa soda pamoja, na mwizi yuko katikati yao akitabasamu. Swali moja tu, "Ninyi mmeambiwa bei gani?", lingewaokoa wote. Mwizi hakuhitaji kuvunja mlango. Alichohitaji ni kila upande unyamaze kwa heshima ya mwenzake.

Nyumba haikupotea. Wanunuzi walifungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baada ya miaka miwili ikaonekana baba mdogo hakuuza kitu. Uhamisho ulikuwa haujasajiliwa, na mama mdogo hakusaini popote, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Lakini miaka miwili hiyo nyumba ilikuwa na zuio, haiuziki. Gharama za wakili, nauli za kwenda na kurudi Muheza na mlolongo wa kuomba hati nyingine zilivuka ile milioni 6 ya dalali. Na familia ile haikurudishiwa milioni 70 zake. Kijana, simu yake haijapatikana tangu asubuhi ile.

Sisemi kwamba kuuza mwenyewe ni kosa, wala kwamba dalali ni kinga. Wapo matapeli wanaojiita madalali. Ninachosema ni hiki: ukimwondoa dalali, umemwondoa mtu, kazi yake imebaki palepale na sasa ni yako. Kazi hiyo ni kumjua mnunuzi, kujua bei na kuwakutanisha watu, pesa na karatasi kwenye meza moja.

Basi bei iulize kwa mthamini aliyesajiliwa, ujue thamani ya nyumba yako kabla mgeni hajakupangia. Mwenzi wako na ajue kila hatua, tena asaini. Nakala ya hati ukimpa mtu, andika juu yake kwa wino tarehe, jina la unayempa na sababu. Hati halisi isitoke mkononi mwako, hata kwa siku mbili. Mnunuzi mkweli akitaka kuhakiki, wakili wake ataomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, na majibu atayapata bila kuigusa hati yako.

Mkataba uandikwe na wakili, pande zote mbili zikiwa zimekaa mbele yake, na bei isomwe kwa sauti. Pesa zipite benki, kutoka akaunti ya anayenunua kwenda akaunti ya anayeuza. Wakili ndiye atakayejaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 na kukuelekeza kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo pasipo cheti chake Msajili hasajili uhamisho. Funguo zitoke baada ya shilingi ya mwisho kuingia. Na mtu yeyote akikuomba usizungumze na upande wa pili, huyo mfungulie geti atoke.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba mdogo daftari alikuwa nalo. Alilichana katikati.

Siku aliyopaka ile rangi nyekundu nilimshikia ngazi. Shauri lilikuwa limekwisha na nyumba imesalimika, nikamuuliza ya nini tena kuandika. Alimaliza herufi aliyokuwa akiichora, kisha akanijibu bila kugeuka.

"Nyumba yangu imepona," alisema. "Naandika kwa ajili ya yule mama aliyenipa pole. Angelikuta hili hapa siku ile, angeniuliza."