Watoto Wadogo na Misa ya Dominika

Sheria ya Kanisa haimlazimishi mtoto mdogo kusikiliza Misa ya Dominika. Kanuni ya 11 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba sheria zilizotungwa na Kanisa lenyewe huwabana wabatizwa wenye akili ya kutosha, waliokwisha kutimiza miaka 7. Kwa hiyo wazazi wengine huuliza: Ikiwa mtoto hana wajibu, kwa nini tumchoshe yeye na kuwasumbua waumini wenzetu? Si afadhali abaki nyumbani hata apate akili? Swali hili si la dharau, nalo lastahili jibu.

Katika parokia za miteremko ya Kilimanjaro swali hili lina uzito wake. Wakati wa masika mama hutoka kihambani kwake alfajiri, akashika njia ya utelezi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Afikapo kanisani mtoto hulia. Watu hugeuka, na msimamizi humwonyesha mlango kwa kidole. Mama humaliza Misa barazani, asisikie mahubiri wala kuiona altare. Likimpata hilo mara tatu, Dominika ya nne hatoki nyumbani. Hapo aliyepotea si mtoto asiye na wajibu tu, bali na mama mwenye wajibu. Na mara nyingi baba wa mtoto huyo yumo kanisani, ameketi kwa utulivu, kana kwamba malezi ni kazi ya mama peke yake.

Yatupasa basi kupambanua mambo mawili: kuwa na wajibu, na kuwa wa nyumba. Mchagga hangoji mwanawe aweze kuinua jembe ndipo amjulishe kihamba. Mtoto huletwa migombani akali ananyonya. Humwona mama akikata majani ya ng'ombe, huyaona masale ya mpakani kabla hajajua maana yake. Hana kazi hapo, lakini ana haki hapo. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyebatizwa. Ubatizo umekwisha kumfanya mwana wa nyumba. Wajibu utamfuata kwa wakati wake.

Baba Mtakatifu Pius wa 10, katika amri yake ya tarehe 8 Agosti 1910, mwaka uleule ilipoundwa Vikarieti ya Kilimanjaro, aliwafungulia watoto mlango wa Komunyo tangu umri wa akili, yaani yapata miaka 7. Lakini mtoto asiyekanyaga kanisani mpaka umri huo huja kwenye mafundisho kama mgeni. Katekista aweza kumfundisha maneno. Hawezi kumrudishia miaka ambayo angalimwona baba yake akipiga magoti. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hata hivyo tusidanganyane. Misa ni Sadaka takatifu, na mjane aliyekuja na majonzi yake ana haki ya kusali kwa utulivu. Kilio cha mtoto mchanga si kosa, kwani hana lugha nyingine. Lakini mtoto wa miaka 5 akikimbia huku na huku wazazi wakimchekea, au akipewa simu achezee wakati wa Mageuzo, hapo lawama ni ya wazazi. Kumtoa nje kwa kitambo mtoto aliyeshindwa kutulia, kisha kumrudisha, si aibu. Mwongozo wa Misa pamoja na watoto, uliotolewa Roma mwaka 1973, wakubali hata kwamba walio wadogo mno waweza kutunzwa kando na kuletwa mwishoni wapate baraka.

Tufanyeje basi? Akina baba wapokezane na wake zao kumbeba mtoto. Wazazi wakae mahali ambapo mtoto aiona altare, kwani aonaye migongo tu huchoka upesi. Jumamosi jioni wamweleze kwa maneno machache atakayoyaona kesho. Jirani benchini amsaidie mama mwenye watoto wawili, badala ya kumkazia macho. Nao wasimamizi wakumbuke kwamba mwezi Januari 2017, Baba Mtakatifu Fransisko alipowabatiza watoto 28 katika Kanisa la Sistina, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe wenye njaa bila hofu.

Kila Desemba makanisa ya mlimani hufurika wajukuu waliokuja kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Bibi hutambua upesi ni mjukuu yupi ajuaye kufanya ishara ya Msalaba, na yupi ashangaaye kwa nini watu wamesimama. Tofauti hiyo haikuletwa na akili ya watoto, bali na Dominika nyingi za wazazi wao huko mjini. Na yeyote akerwaye na kilio kanisani atafakari hili: kanisa lisilosikia leo kilio cha mtoto, baada ya miaka 60 halitasikia hata kikohozi cha mzee.