Kuuza motokari yenye ugonjwa



Baada ya mafundisho ya Jumapili, watu hubaki mbele ya kanisa na kuniuliza maswali. Mmoja huuliza juu ya ndoa, mwingine juu ya urithi, mwingine juu ya deni la shemeji yake. Mara nyingi jibu ni rahisi. Lakini swali moja lilinishinda kulijibu upesi, kwa sababu liliingia katika nyumba yetu wenyewe. Ndilo hili: mtu akiuza kitu chenye kasoro isiyoonekana, na mnunuzi asiulize neno, je, muuzaji sharti aseme? Na akinyamaza, amekosa au hakukosa?

Nitaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tutafute sababu pamoja.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na basi ndogo, ya namna ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Alichukua abiria na samaki wakavu kati ya Moba na Kalemie. Wanaoijua barabara ile wakati wa mvua wanajua kwamba motokari ya magurudumu mawili hubaki katika matope, na wenyewe hulala porini. Kwa hiyo basi ile ilikuwa mali kubwa. Iliwalisha watu wa nyumba tatu.

Lakini motere ilianza kunywa maji. Asubuhi shofere alijaza radiatere. Jioni aliikuta imepungua, wala chini hapakuwa na tone. Moshi mweupe ulitoka nyuma, hata motere ilipokuwa imekwisha kupata moto. Mafuta ya motere yakageuka rangi ya maziwa. Fundi akasema: kile kipande chembamba kinachoziba kati ya kichwa cha motere na mwili wake kimeungua, na labda kichwa chenyewe kimepinda. Sharti motere ifunguliwe yote. Kazi hiyo na vipande vyake, akasema, ni dola 1.500.

Kaka hakuwa na feza hiyo. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na deni dukani. Akaamua kuuza.

Komisionere akaleta mnunuzi, mzee mmoja mvuvi wa ziwa Tanganika, aliyekusanya feza miaka mingi pamoja na wanawe. Kabla ya kufika kwake, kaka alifanya yale ambayo wauzaji wengi hufanya. Aliosha motere mpaka ikang'aa. Alimwaga mafuta ya zamani, akatia mapya yaliyo mazito, ili moshi na kelele zipungue. Tena aliiwasha mapema, ili mzee asione jinsi inavyokataa ikiwa baridi. Kisha akaniita.

«Mdogo wangu, sikuombi kusema uongo. Wewe ni katekista. Kaa hapa tu, unyamaze.»

Nikakaa. Mzee akatazama matairi, akabonyeza viti, akapiga honi. Halafu akanitazama mimi, akasema: «Kwa kuwa mwalimu yupo, sina wasiwasi.» Nikanyamaza. Wakapatana dola 6.500, naye atazileta baada ya siku tatu.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiambia: sikusema neno lolote, basi sikudanganya. Lakini kila nilipojitetea hivyo, nilimsikia tena yule mzee. Yeye hakuiamini basi. Aliniamini mimi. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomwambia kwamba motere ni nzima.

Basi, nikarudia vitabu nilivyosoma zamani katika seminari. Nikaona kwamba swali letu si jipya hata kidogo.

Cicero, mwenye hekima wa Roma, aliandika juu ya kazi na wajibu wa watu mwaka wa 44 kabla ya Kristu. Katika kitabu chake cha tatu anasimulia mabishano ya walimu wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mtu anauza nyumba. Watu wote wanaiona nzuri, lakini mwenyewe peke yake anajua kwamba inaleta magonjwa, kwamba wadudu wabaya wamo vyumbani, na miti yake imeoza. Diogenes asema: kutosema ni jambo moja, kuficha ni jambo lingine; muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Antipater ajibu: kumwacha mwenzako aanguke katika hasara kwa kutojua, nawe unajua, ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha msafiri njia. Cicero anamfuata Antipater. Asema kwamba kuficha si kunyamaza tu. Kuficha ni kutaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo linalompasa kujua.

Angalieni neno hilo, «kwa faida yako». Nikikutana na mtu njiani, sipaswi kumwambia kila kitu ninachojua. Lakini kunyamaza ili feza yake iingie mfukoni mwangu, hiyo ni namna ya kusema.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka wa 1274, alipanga jambo hili vizuri zaidi. Katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, anapoeleza udanganyifu wa biashara, anatenga kasoro za namna mbili. Kuna kasoro inayoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja. Muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei kama inavyostahili, maana mnunuzi naye ana macho. Na kuna kasoro iliyofichika. Ikiwa inaweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, sharti muuzaji aiseme. Mfano wake ni farasi kilema anayeuzwa kama mwenye mbio, au nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kama imara.

Tuweke sasa basi ya kaka katika mizani hiyo. Tairi lililokwisha, kiti kilichopasuka, mlango usiofunga vizuri: hayo mzee aliyaona, na kama bei inayafuata, basi. Lakini motere inayokunywa maji, iliyooshwa na kupashwa moto ili isijulikane, ni kasoro ya namna ya pili. Ni hasara, kwa sababu mzee atalipa dola 1.500 ambazo hakuzihesabu. Tena ni hatari, kwa sababu motere itazimika mlimani, usiku, pamoja na akina mama na watoto ndani.

Najua majibu ambayo watu watanipa. Nimeyasikia yote, na mengine niliyasema mwenyewe usiku ule.

La kwanza: «Mnunuzi angeleta fundi wake.» Ni kweli, mnunuzi mwenye akili hufanya hivyo. Huja bila kutoa habari, huigusa motere kama bado ni baridi kabla haijawashwa, hutazama chini ya kifuniko cha mafuta kama kuna povu jeupe, hutazama rangi ya moshi: wa samawati ni mafuta yanayoungua, mweupe usiokoma ni maji. Tena hujaribu magurudumu yote manne katika matope, si katika barabara kavu. Lakini uzembe wa mnunuzi haunipi mimi haki ya kumnyang'anya. Mwenye nyumba asipofunga mlango, mwizi hubaki mwizi.

La pili: «Nilimwambia achukue kama ilivyo.» Neno hilo ni halali ikiwa wote wawili wanajua ilivyo. Kama anayejua ni mmoja tu, huyo amemwuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia.

La tatu: «Nami nilidanganywa nilipoinunua.» Basi, umdai aliyekudanganya. Mzee wa ziwani hakukukosea neno. Kama kila mtu akimlipizia yule anayefuata, hasara itatembea kijiji chote bila kupata mwenyewe.

La nne ndilo lililo gumu: «Nikisema ukweli, sitapata bei, na watoto wangu watafukuzwa shule.» Hilo silichezei. Umaskini ni mzigo wa kweli. Lakini tuhesabu. Tuseme basi nzima ni dola 6.500. Kazi ya motere ni 1.500. Tutoe tena kidogo kwa ajili ya taabu na siku za kungoja, tuseme 300. Inabaki 4.700. Hiyo ndiyo mali halisi ya kaka. Zile 1.800 hazikuwa zake kamwe. Zilikuwa feza ya mzee na wanawe. Basi, kusema ukweli hakumpotezei chochote kilicho chake. Na mzee naye ana wajukuu shuleni.

Je, ni lazima kusema kila kitu? Hapana. Mtakatifu Tomaso anachukua mfano wa mfanya biashara anayeleta ngano mahali penye njaa, naye anajua kwamba wengine wako nyuma yake na ngano nyingi. Cicero anasema aseme. Tomaso anasema kwamba haki haimlazimishi, kwa sababu ngano yake haina kasoro, na bei ya kesho bado haijafika. Lakini akisema au akipunguza bei, anafanya wema mkubwa zaidi. Vivyo hivyo, kaka hakulazimika kumwambia mzee kwamba labda motokari nyingine zitaletwa mwezi ujao. Alilazimika kusema ugonjwa ulio ndani ya kitu chenyewe. Na kama hana hakika, aseme kile anachokijua: maji yanapungua, fundi amesema hivi.

Haki hii inamhusu mnunuzi pia. Mtakatifu Augustino anasimulia habari ya mtu aliyeletewa kitabu kwa bei ndogo sana, kwa kuwa mwenyewe hakujua thamani yake. Mtu yule akalipa bei ya haki, ingawa hakuombwa. Ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo mbele ya mjane anayeuza motokari ya marehemu bila kujua bei?

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Sheria yetu ya mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888, inamlazimisha muuzaji juu ya kasoro zilizofichika, si juu ya zile zinazoonekana. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa feza yake, au kukishika na kurudishiwa sehemu ya bei. Na muuzaji aliyejua kasoro analipa hasara pia. Lakini ni wangapi wenye nauli ya kwenda barazani? Ndiyo sababu dhamiri sharti itangulie hakimu.

Tena, hata anayeuza bila kujua, siku akijua sharti amrudishie mwenzake hasara yake. Wala tusidhani kwamba kitubio peke yake hufuta deni. Padri huondoa dhambi. Feza ya mtu hubaki mfukoni mpaka irudishwe.

Sasa nimalize habari yetu. Alfajiri nilikwenda kwa kaka, peke yangu, kabla watu hawajaamka. Nikamwambia: «Yaya, nilikosa jana. Nilikaa pale, na mzee aliniamini. Ukimwambia wewe mwenyewe, itakuwa heshima yako. Usipomwambia, nitamwambia mimi, kwa sababu deni hili ni langu pia.» Akakasirika sana. Aliniuliza ni nani aliyelipa feza yangu ya masomo. Ni yeye. Sikuwa na jibu la hilo, wala sina leo.

Lakini siku ya tatu mzee alipofika na feza katika kitambaa, kaka alimwambia mwenyewe. Mzee akanyamaza kitambo, akafunga kitambaa chake, akashukuru, akaenda zake. Hakununua. Basi ikakaa uani miezi minne. Mtoto mmoja akakosa muhula mmoja wa shule. Kaka hakunisemesha mpaka Noeli. Mwishoni fundi mmoja aliichukua kwa dola 4.600, akiijua ilivyo, akaitengeneza kwa mikono yake.

Siwaambii, basi, kwamba ukweli hulipa siku ile ile. Kwetu ulitugharimu, na aliyelipa zaidi ni mtoto ambaye hakukosa kitu. Jambo hilo bado linaniuma, nami namsaidia sasa kwa kidogo nilicho nacho. Lakini mzee yule bado huja kusali kwetu sikukuu zikifika. Akinisalimu, naweza kumtazama usoni. Mwaka jana wanawe walipotaka kununua mtumbwi wenye motere, alimtuma mmoja wao, si kwangu, bali kwa kaka, aende naye kuutazama. Alisema: «Yule ataniambia kasoro yake.»

Ndugu msomaji, labda una kitu cha kuuza mwezi huu: baiskeli, mbuzi, shamba, cherehani. Kabla mnunuzi hajafika, jiulize neno moja tu: ni jambo gani ninaloomba asiulize? Ukilipata, hilo ndilo unalopaswa kumwambia kwanza.