Kisiwa na Mwenyewe

Je, binadamu anaweza kumiliki kisiwa? Swali hili huonekana la kitoto mpaka ulielekeze mahali penye jina. Sisi wa Mtwara tunapo mahali hapo: Msimbati, ulimi wa mchanga na minazi kwenye Ghuba ya Mnazi, karibu na mdomo wa mto Ruvuma.

Siku za ukoloni, Mwingereza mmoja mstaafu, Latham Leslie-Moore, alijenga nyumba yake huko. Mwaka 1959 alitangaza kwamba Msimbati, ambayo yeye aliiita kisiwa, ni dola huru na kwamba yeye ndiye Sultani wake. Akapandisha na bendera. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali yetu ilimwondoa.

Wengi wakisimuliwa habari hii hucheka. Nami sikatazi kicheko, ila nauliza: tunamcheka kwa lipi? Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao, na wao wenyewe ndio walioamua ipi haina mwenyewe. Hao hatukuwacheka, maana walikuwa na askari. Basi kama tofauti ya mzee yule na dola kubwa ni idadi ya bunduki, kicheko chetu hakijagusa haki hata kidogo.

Taifa huru lilijaribu kutoa jibu jingine. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini. Neno mdhamini ni zito. Mdhamini hushika kwa niaba ya mwingine, na siku moja huulizwa hesabu.

Hesabu hiyo imeulizwa hapa hapa kwetu. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013, bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipokuwa linaandaliwa, watu wa Mtwara waliuliza gesi ni ya nani, na katika ghasia zilizofuata watu walipoteza maisha. Wapo waliosema kwamba gesi ni ya taifa zima. Ni kweli. Lakini mwenye mali ya pamoja asipoelezwa, hutofautianaje na asiye na mali?

Hata hivyo, wenyeji nao wasijipe utakatifu. Baruti iliyovunja matumbawe katika bahari yetu haikurushwa na Sultani. Aliyeirusha alisema bahari ni yake, kisha akala sehemu ya wajukuu wake. Ndiyo sababu mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, yenye vijiji ndani yake. Nia ni njema. Lakini mvuvi anayekatazwa wavu wake bila kuketishwa kwenye shauri ataona bendera nyingine tu imepandishwa.

Tazameni Chumbe, kisiwa kidogo cha Unguja chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Mwaka 1994 miamba yake ilitangazwa kuwa hifadhi, ikiwa mikononi mwa kampuni binafsi. Samaki wamestawi na watoto wa shule hupelekwa kujifunza. Kwa hiyo ubinafsi wa mshikaji peke yake si dhambi, wala uzalendo wake peke yake si kinga.

Nionavyo mimi, kisiwa hakimilikiwi, hushikwa tu. Anayekishika apimwe kwa maswali mawili: je, jirani anaweza kumuuliza naye akalazimika kujibu? Na akiondoka, watakaobaki watakuta nini? Mzee wa Msimbati alishindwa swali la kwanza, maana Sultani haulizwi. Sisi tuliorithi nafasi yake bado tumo chumba cha mtihani.